Utupa nao ni sumu, jamani

Nimepokea tena ujumbe uleule: "Mtaalamu, mimi sipigi dawa za dukani, natumia za asili tu, kwa hiyo mboga zangu hazina sumu." Safari hii mwenye bustani amechemsha majani ya tumbaku, amepulizia mchicha jioni, na asubuhi anataka kuuchuma. Nimemwambia asithubutu.

Mboji, matandazo, kuchanganya mazao, majivu kidogo: hayo sina neno nayo, endeleeni. Kinachonichosha ni imani kwamba kitu kikitoka mtini hakidhuru. Nikotini ni sumu ya mishipa ya fahamu, na inapenya kwenye ngozi. Wavunaji wa tumbaku hutapika na kuona kizunguzungu kwa kushika tu majani mabichi yenye umande. Wewe unaichemsha kwenye sufuria ya wali! Kanuni za kilimo hai za Marekani zimeipiga marufuku, ikiwa orodha moja na aseniki, sumu ambayo nayo ni ya asili. Na anayeloweka ugoro bila kuuchemsha anaweza kuzipelekea nyanya zake virusi vya batobato.

Sasa utupa, ule mti ambao majani yake hufanywa dawa ya wadudu, maana huu ndio unaosifiwa kuliko yote. Wazee walikuwa wakiponda majani yake, wanayamwaga mtoni, samaki wanaelea. Walijua wanashika sumu. Kilichomo ni rotenoni, inayozuia seli kutumia oksijeni, na hiyohiyo ndiyo inayoua vidukari kwenye sukuma wiki yako. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2008 kutoiidhinisha tena kama kiuatilifu.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vyetu havilisemi. Miti miwili ya utupa inaweza kufanana kabisa, mmoja una rotenoni na mwingine hauna hata chembe. Kwa hiyo ile "kilo moja kwa ndoo moja" inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ni kubahatisha. Ukipata mti mtupu utasema dawa za asili hazifanyi kazi. Ukipata mkali, utakula mboga ukidhani umeepuka sumu. Na ukiniuliza usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma, sina namba ya kukupa, kwa sababu hakuna anayejua nguvu ya dawa iliyomo ndani ya ndoo yako. Chupa ya dukani ina lebo yenye kipimo na siku za kusubiri. Sikutumi dukani, lakini siwezi kuificha tofauti hiyo.

Pareto, dawa inayotokana na maua, ina unafuu, jua huivunja haraka. Ila inaua nyuki na samaki, kwa hiyo piga jioni, na si karibu na bwawa.

Mwarobaini mnauchemsha, mnauharibu. Ponda mbegu, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ishike kwenye majani, piga jioni. Usitegemee wadudu waanguke palepale. Kiwavi huacha kula, halafu hushindwa kujivua ngozi, na hilo huchukua siku kadhaa. Wengi hukata tamaa siku ya pili, wanarudi kwenye tumbaku.

Yule wa mchicha nimemshauri aung'oe wote aufukie, asiwape kuku, amwage mbegu upya. Vidukari wakirudi, awapige kwa maji ya mpira chini ya majani, kila asubuhi. Ndani ya wiki nne atakuwa anachuma.