"Fundi, ninyanyulie gari": dhana potofu zinazonichosha kuhusu gari la kwanza la porini

"Fundi, ninyanyulie hili inchi nne. Jumamosi tunaingia porini."

Wiki hiyo nilikuwa nimeshaisikia kauli hiyo mara mbili, kwa hiyo ya tatu nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kijana mwenye gari: matairi yana upepo kiasi gani? Hajui. Tairi la akiba je? "Lipo huko nyuma." Na gari likinasa, watu watalivuta wapi? Akanionyesha kirungu cha kufungia trela. Gari ni lake la kwanza la magurudumu manne, amekaa nalo siku kumi, oili ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu) hajui ilibadilishwa lini, lakini picha ya gari lililonyanyuliwa anayo kwenye simu tayari.

Nikampa futi kamba, nikamwambia aingie chini ya gari, apime kutoka ardhini hadi tumbo la difu ya nyuma. Sentimita 21. "Haya, nikikunyanyulia inchi nne, hapo patakuwa ngapi?" Akapiga hesabu akiwa bado chali: thelathini na moja. Hapana. Patabaki 21 vilevile.

"Gari likinyanyuliwa linapita popote"

Springi zinakaa juu ya ekseli. Ukiweka springi ndefu unasukuma chasisi na bodi kwenda juu. Ekseli yenyewe inabaki pale pale, imebebwa na matairi. Na kwenye gari lenye ekseli nzima, kinachogota jiwe mara nyingi ni hiyo difu inayoning'inia katikati ya magurudumu. Kitu pekee kinachoinyanyua ni tairi kubwa zaidi, tena kwa nusu tu: tairi likiongezeka kipenyo kwa inchi mbili, difu inapanda inchi moja. Kwa magari ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo inapanda. Hapo ugonjwa unahamia kwingine. Shafti za kushoto na kulia zinainama kuliko zilivyokusudiwa, raba zake zinachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia tak-tak-tak kila ukikata kona.

Sisemi kunyanyua hakuna faida. Bampa ya mbele inachelewa kugusa unapoanza kupanda ukingo, ya nyuma inachelewa kugusa unapomaliza kushuka, na tumbo la gari halikai kirahisi juu ya kichuguu. Tairi kubwa nalo linapata nafasi ya kugeuka bila kula mdomo wa bodi. Faida hizo ni za kweli. Ninachokataa ni kuzifanya za kwanza, maana zina bei ambayo wenye picha hawaionyeshi.

Ukinyanyua gari lenye ekseli nzima mbele, ekseli inazunguka kidogo na pembe ya stelingi inabadilika. Matokeo yake usukani haurudi wenyewe katikati, na ukiwa kasi barabarani gari linatangatanga kama limelewa. Ile fimbo inayozuia ekseli isicheze kushoto na kulia inakuwa fupi kwa urefu mpya, inaivuta ekseli nzima upande mmoja. Mipira ya breki inavutwa hadi mwisho gurudumu likining'inia shimoni. Nimeuona mmoja umekakamaa kama uzi wa gitaa, na mwenye gari alikuwa anasafiri na watoto. Propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inapata pembe kali, inaanza kutetema. Taa za mbele zinampiga machoni anayekuja. Juu ya yote uzito wa gari sasa umekaa juu zaidi, kwa hiyo mteremko wa kuinamia upande ambao jana ulikuwa wa kutisha tu, leo unaweza kukulaza.

Karibu kila kimoja cha hivyo kina dawa yake: fimbo ndefu, mipira mirefu ya breki, bushi za kurekebisha pembe, kupima alainimenti upya. Kazi ya kunyanyua iliyo kamili inavihesabu vyote. Inayofanywa Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi haihesabu hata kimoja, na kwa kawaida ni yale makopo ya chuma yanayowekwa juu ya shokapu. Kopo haliongezi safari ya gurudumu hata sentimita moja. Linachofanya ni kulisogeza gurudumu karibu na mwisho wake wa chini, ndiyo maana gari la namna hiyo linagonga *kong* kila linaposhuka shimo.

Wakati wake upo. Ukishaongeza bampa ya chuma, tangi la pili na mizigo ya kudumu, springi za kiwandani zitalala. Hapo weka springi zinazolingana na uzito ulio nao kweli, pamoja na shokapu zake, na kimo cha inchi moja na nusu au mbili kitakuja chenyewe. Lakini kabla ya hapo nenda porini na gari kama lilivyo, njia nyepesi, ukiwa na mwenzako mwenye gari la pili. Ukirudi ingia chini na tochi uangalie mikwaruzo. Gari litakuonyesha lenyewe linagusa wapi, na mara nyingi si pale ulipodhani.

"Tairi gumu ndilo imara"

Ningeweza kumlazimisha kila mgeni kununua kitu kimoja, kingekuwa geji ya upepo. Cha pili, kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Vifaa hivi viwili vinafanya kazi kubwa kuliko springi yoyote niliyowahi kufunga, na bado watu wanavipita kwa sababu havionekani kwenye picha.

Ukipunguza upepo, alama ya tairi ardhini inarefuka kuelekea mbele na nyuma, inakuwa kama mnyororo wa buldoza. Uzito ule ule unabebwa na eneo kubwa, gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Anza na namba ya kiwandani iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa magari mengi ni kati ya PSI 30 na 36. Njia mbovu ya mawe na makorongo madogo, shuka hadi 25 hivi. Mchanga laini, 15 hadi 18. Chini ya 12 usiende kwa rimu za kawaida, maana ukikata kona kwa nguvu tairi linavuka mdomo wa rimu, na hapo safari imegeuka kazi.

Tairi lililojazwa kupita kiasi likikanyaga jiwe la ncha halina pa kuinama, linatobolewa. Lenye upepo wa kiasi linalizunguka jiwe. Ila nalo lina udhaifu wake: mbavu zinatoka nje, kwa hiyo usilipitishe likikwaruza kingo za mawe. Na ukilegeza upepo unapunguza mwendo. Tairi laini likikimbizwa linachemka ndani na kuachana matabaka, ndiyo maana kompresa haina mjadala; ukirudi kwenye lami unajaza kwanza, ndipo unaondoka.

Tairi la akiba nalo lina upepo wake, kama hujawahi kulipima. Soma na umri: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimekuta akiba yenye meno mapya kabisa na nyufa za kuingiza ukucha.

"Meno makubwa zaidi, tairi bora zaidi"

Tairi la matope ni la matope. Kwenye mchanga linachimba kama jembe, kwenye lami yenye maji linachelewa kushika breki, na kelele zake utazisikia hadi usingizini. Kwa anayeanza, tairi la ardhi zote lenye mbavu nene, kwa saizi ya kiwandani au hatua moja juu yake, linatosha. Ukizidisha saizi, injini na breki vinafanya kazi zaidi, spidometa inasoma pungufu ya mwendo wako halisi, na akiba haiingii mahali pake. Halafu jeki iliyokuja na gari haifiki. Hilo la jeki watu wanaligundua porini.

"Kirungu cha trela kinatosha kuvutia"

Hapa sina utani. Kirungu kimetengenezwa kuvuta trela kwa utulivu barabarani. Gari lililonasa likivutwa kwa kushtua, shingo yake inakatika, chuma kinaruka pamoja na kamba kikipita kioo cha nyuma au cha mbele. Watu wamekufa hivyo, na si mmoja. Vile vikulabu vyembamba chini ya bampa navyo usiviamini mpaka ujue ni vya nini. Vingi viliwekwa kufungia gari wakati wa kulisafirisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ya chuma kwenye gari lako ni sehemu ya kuvutia iliyoandikwa uwezo wake, imefungwa kwenye chasisi kwa bolti za daraja lake, mbele na nyuma. Iendane na kamba inayonyumbuka na pingu mbili za chuma za kuunganishia kamba, zilizopimwa. Mnyororo usivute nao kwa kushtua, haunyumbuki hata kidogo. Watu wote wasogee mbali kuliko urefu wa kamba, asiruke mtu juu yake, na watoto wawe ndani ya gari jingine.

Na kabla ya kamba kuna chepe. Dakika kumi za kuchimba mbele ya magurudumu, ukapunguza upepo zaidi kidogo na kutia vibao vya kukanyagia, zinatoa magari mengi bila kuvutwa na mtu. Wanaonasa wanapenda kukanyaga mafuta badala yake. Gurudumu likianza kuzunguka bure, ondoa mguu. Kila sekunde unayoongeza unajichimbia kaburi hadi ekseli ilale.

"Nina snokeli, maji si tatizo"

Snokeli inainua mdomo wa injini wa kuvutia hewa, basi. Haizibi milango, haikaushi nyaya, haizuii gari kuelea. Nyingi hazijafungwa vizuri hata kwenye boksi la chujio, kwa hiyo maji yanaingia kwa chini huku mwenye gari akiangalia bomba lililo juu. Watengenezaji wanatoa kikomo cha kina: Ford Ranger ya sasa ni sentimita 80, Land Rover Defender ya sasa yenye springi za upepo ni 90. Hivyo ni vikomo vya maji yaliyotulia. Maji yanayotembea ni habari nyingine, hata yakifika magotini yanaweza kulisukuma gari.

Mimi ningeanza na kitu cha bei ndogo zaidi: vipumulio vya difu na giaboksi, yaani vitundu vyake vya kupitishia hewa. Difu iliyochemka ikizama kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Virefushe vipumulio hivyo kwa mpira mwembamba hadi juu kwenye injini. Baada ya kuvuka maji marefu fungua kidogo nati ya oili. Ikitoka rangi ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

"Ni magurudumu manne, haliwezi kunasa"

Linanasa, tena mbali zaidi na msaada. Bila kufuli ya difu, ile inayolazimisha magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja, gurudumu moja mbele na moja nyuma yakikosa kushika, nguvu yote inakimbilia hayo mawili na gari linasimama. Kajifunze kutumia 4L, gia nzito ya magurudumu yote manne, kabla ya kununua chochote. Inazidisha nguvu mara mbili kwenye Suzuki Jimny na mara nne kwenye Jeep Wrangler Rubicon, na inakuwezesha kutambaa bila kuchoma klachi. Na kama gari halina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, toa 4H (magurudumu manne kwa gia ya kawaida) unaporudi kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali mmoja kwenye kona, na kisichoweza kuteleza kitavunjika.

Winchi, mashine ya kuvutia gari kwa waya? Subiri. Ni nzito, inakula betri, na mkononi mwa asiyejifunza ni hatari kuliko tope lenyewe. Keria ya juu iliyojaa mizigo? Angalia kwanza kitabu cha gari kinaruhusu kilo ngapi juu ya paa ukiwa unatembea. Namba hiyo huwashangaza wengi.

Kijana wangu aliondoka na gari la kimo kile kile. Tulimwaga oili za difu zote mbili, tukabadilisha bushi mbili na bolujointi moja iliyokuwa inacheza, tukafunga sehemu za kuvutia. Geji akanunua mwenyewe, ananung'unika.

Jumatatu alirudi. Nikaingia chini na tochi. Tumbo la difu halikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ila vikanyagio vya pembeni, ambavyo vinaning'inia chini kuliko chasisi, vilikuwa vimepinda vyote viwili. Tukavifungua kwa spana, dakika 20, na gari likawa limepata nafasi zaidi chini ya tumbo bila kununua kitu. Alifurahi sana. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha ya gari lenye safu ya taa juu ya paa.