Mafunzo ya uongozi kwa walimu na wauguzi wa jamii za kiasili: ni nini kinachopungua

Muuguzi msimamizi wa zahanati iliyo pembezoni mwa Msitu wa Mau nchini Kenya, ikiwa yeye mwenyewe ni Mwogiek, yaani mtu wa jamii ya kiasili ya msitu huo, hupokea maagizo kutoka pande mbili. Upande mmoja yuko afisa wa afya wa kaunti ndogo, anayedai ripoti ya mwezi, hesabu ya dawa na orodha ya watoto waliochanjwa. Upande wa pili wako wazee wa ukoo, ambao hawamwoni kama mtumishi wa kaunti hata kidogo. Kwao yeye ni mtoto wa fulani aliyesomeshwa kwa asali ya babake, na mama mjamzito akikosa gari la kumfikisha hospitalini usiku, lawama haziendi Nakuru mjini, kwenye makao ya kaunti, bali zinabaki mlangoni pake. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Muuguzi huyu hana nafasi ya kushindwa, lakini kozi nyingi za uongozi anazopelekwa zinamfundisha kupita njia moja tu.

Sisi tunaotoa mafunzo ya uongozi, tunaposema jamii za kiasili katika ukanda huu tuna maana ya Waogiek wa Mau na wa Mlima Elgon, Wasengwer wa milima ya Cherangany, na Waendorois wa Ziwa Bogoria, majirani zetu wa Baringo. Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinazihesabu jamii za kiasili zilizodumisha maisha ya kuwinda na kukusanya miongoni mwa jamii zilizotengwa, na Kifungu cha 56 kinaitaka Serikali iweke mipango ya kuziwezesha jamii hizo kuwakilishwa katika uongozi na kupata nafasi maalumu za elimu na kazi. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waogiek 52,596 nchini kote, idadi isiyofikia ile ya eneobunge moja la wastani. Jamii ndogo hivyo haiwezi kutegemea kura kupata sauti. Sauti yake, kwa kiasi kikubwa, ni wale wachache waliosoma na kuajiriwa: mwalimu, muuguzi, afisa wa kliniki. Kwa kuwa ni wachache, kila mmoja wao huitwa kwenye kila kikao, awe ameandaliwa au hajaandaliwa.

Haja ya kuwaandaa imeongezeka tangu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilipoamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek wa Mau zilikiukwa. Katika hukumu ya fidia ya tarehe 23 Juni 2022, mahakama hiyo iliagiza Serikali ya Kenya ilipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine, na fedha hizo ziwekwe katika mfuko wa maendeleo ya jamii utakaogharimia, pamoja na mambo mengine, afya na elimu. Utekelezaji wake ni suala la wanasheria na la Serikali, nami sitaliingilia hapa. Ninachosema ni kwamba mfuko wa namna hiyo hauendeshwi kwa hotuba. Unahitaji watu wanaoweza kusoma bajeti, kuipinga inapobidi, kisha kurudi kijijini na kueleza kwa lugha ya nyumbani kwa nini zahanati fulani imepata na nyingine imengoja.

Mafunzo yapo, tena si mabaya. Chuo cha serikali kinachofundisha watumishi wa umma, KSG, chenye bewa lake Baringo, hutoa kozi ya usimamizi ya wiki nne na ile ya uongozi ya wiki sita, ambazo miundo mingi ya utumishi huzidai kabla ya mtu kupandishwa cheo. Walimu wakuu nao wana stashahada ya uongozi wa elimu iliyoandaliwa kwa ajili yao. Humo mtu hujifunza ununuzi, hesabu, nidhamu ya wafanyakazi na uandishi wa ripoti, na sikubaliani na wanaodai kwamba hayo ni makaratasi matupu. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya imeviruhusu vituo vya umma kubaki na fedha vinazokusanya badala ya kuzipeleka kwenye hazina ya kaunti. Kwa sheria hiyo, muuguzi aliyesomea kuzalisha akina mama na kutibu malaria amejikuta pia ni mtunza fedha. Asipofundishwa hesabu, atakayemfundisha ni mkaguzi.

Kinachopungua ni jinsi ya kuongoza mahali ambapo kila mtu ni ndugu yako. Chukua jambo dogo kama kuajiri mpishi wa shule. Mwongozo unasema mwanakamati mwenye uhusiano na mwombaji aseme wazi, kisha ajiondoe kwenye uamuzi, na huo ni mwongozo mzuri kwa shule ya mjini Kisumu au Nakuru. Katika kijiji ambacho watu wote wanatokana na koo mbili tatu, wakijiondoa wote wenye uhusiano, habaki wa kuamua, na wasipojiondoa, jirani asiye wa jamii hiyo atasema shule imegeuzwa shamba la familia. Tumeona kwamba njia inayofaa zaidi ni vigezo vya kazi kuandikwa na kusomwa barazani kabla jina lolote halijatajwa, ili ubishi uwe juu ya vigezo, wala si juu ya binti ya mjomba. Baada ya hapo mwalimu mkuu huweza kumkatalia mzee ombi lake bila kumvunjia heshima, maana mzee mwenyewe alikuwepo vigezo vilipokubaliwa. Ustadi huu una hatua zake, nao hufundishika kama hesabu inavyofundishika. Kwa nini hauna hata saa mbili kwenye ratiba za kozi nyingi, sijui wa kumlaumu.

Lugha nayo ni suala la uongozi, ingawa huachiwa walimu wa darasani. Sera ya elimu inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kiogiek kiko katika kundi la lugha za Kikalenjin, kwa hiyo ni rahisi mtu wa ofisini kuihesabu lugha ya eneo kuwa Kikalenjin na kulifunga jambo hapo. Mwalimu mkuu anayeijua sera, na kujua kwamba ana haki ya kulifikisha suala hilo kwenye bodi ya shule, anaweza kulifungua tena.

Wenzetu wa mbali wamepita njia inayofanana na hii. Kule Anchorage, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, wenyeji wa asili huendesha huduma zao za afya kupitia taasisi yao, Southcentral Foundation, kwa msingi wa sheria ya mwaka 1975 iliyoziruhusu jamii hizo kuchukua huduma zilizokuwa mikononi mwa serikali kuu. Mgonjwa huko huitwa mteja na mmiliki kwa pamoja, na kila mfanyakazi mpya, awe daktari au karani, hupitia mafunzo ya kusikiliza na kujenga uhusiano ambayo viongozi wenyewe hushiriki kuyatoa. Taasisi hiyo ilipata tuzo ya kitaifa ya ubora ya Marekani, iitwayo Baldrige, mwaka 2011 na tena 2017. Hatuwezi kunakili mpango huo mzima, maana zahanati za Mau ni mali ya kaunti. Tunachoweza kuchukua ni kuwafundisha wote pamoja, ili msimamizi asirudi na msamiati mpya ambao mwenzake wa chumba cha dawa hauelewi.

Muda wa mafunzo ndio unaotusumbua zaidi. Zahanati yenye wauguzi wawili haiwezi kumtoa mmoja kwa wiki nne mfululizo. Anayebaki atafanya kazi mchana na usiku, au mlango utafungwa. Kwa sababu hiyo tunapendekeza wiki moja darasani, kisha majuma kadhaa kituoni na mshauri anayemtembelea, mwanafunzi akitumia vitabu vya hesabu vya kituo chake mwenyewe badala ya mifano ya kubuni, halafu arudi darasani, na siku moja ya mwisho wazee na maafisa wa kaunti ndogo waketi naye chumba kimoja. Mafunzo yaanze kabla ya uteuzi, mtu akiwa bado naibu. Gharama ya muuguzi wa kushikilia nafasi yake iandikwe kwenye bajeti kabla ya posho za wakufunzi, sisi tukiwemo. Kaunti ikituandikia kuomba nafasi za mafunzo, swali la kwanza tunalowarudishia ni nani atakayefungua zahanati Jumatatu asubuhi.