Maharage ya mchanganyiko, gorila wa Kahuzi na nafasi ya bahati katika mageuko

Mkulima wa Walungu au Kabare, kama wengi katika Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, hupanda maharage ya mchanganyiko, mekundu, meupe na ya madoadoa katika shamba moja. Msimu ukiharibika akabaki na viganja viwili tu vya mbegu, huenda rangi fulani isiwemo, na mwaka unaofuata isionekane tena shambani mwake. Haikushindwa na mvua wala wadudu. Haikuingia kiganjani, basi.

Wanaotuuliza hapa Bukavu kuhusu mageuko ya viumbe hudhani mara nyingi kwamba kila sifa iliyopo ipo kwa sababu ilimfaa mwenye nayo. Uteuzi wa asili, yaani wenye sifa zinazowafaa kuacha watoto wengi zaidi, una nguvu, hilo hatulikani, ila mzazi humrithisha kila mtoto nusu tu ya jeni zake, yaani vibeba sifa za kurithi, na nusu ipi itakayopita ni suala la bahati. Mwaka 1956 Peter Buri alichapisha jaribio la inzi wa matunda waliowekwa katika vikundi 107, kila kimoja madume 8 na majike 8, wote wakianza na aina mbili za jeni ya rangi ya macho kwa kiasi sawa. Baada ya vizazi 19, aina moja ilikuwa imetoweka kabisa katika vikundi 30, na katika vingine 28 ndiyo iliyobaki peke yake, ingawa vyote vilitunzwa kwa namna moja.

Nguvu ya bahati hiyo hutegemea idadi ya wanaozaa. Kinadharia, kundi lenye wazazi 10 hupoteza asilimia 5 ya tofauti zake za kijeni kila kizazi. Lenye 1000, asilimia 0.05 tu.

Ndiyo maana kupungua kwa gorila wa sehemu ya juu ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega wakati wa vita, kutoka takriban 245 mwaka 1996 hadi karibu 130 mwaka 2000, hakupimwi kwa mizoga pekee. Risasi haikuuliza jeni. Idadi inaweza kupanda tena, na imepanda, lakini aina ya jeni iliyokwisha hairudi kwa waliobaki kuzaliana wao kwa wao. Mkulima aliyekosa rangi huomba mbegu kwa jirani; jirani wa gorila hawa yuko kwenye msitu wa chini, ng'ambo ya ukanda mwembamba wa Nindja, ambao mashamba na malisho yameukatakata.