Forodhani ianze kutazamwa kwa chini

Ukitaka kujua hali ya Bustani ya Forodhani hapa Zanzibar, usiende usiku wakati taa zimewaka na moshi wa mishikaki umetanda. Nenda siku ya bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakishakupwa kabisa, ushuke mchangani uutazame ukuta wa bahari kutokea chini. Hapo ndipo ninapowapeleka wanagenzi wangu siku yao ya kwanza, kabla sijawapa mwiko wala karai. Wengine hushangaa, maana walitegemea nianze na milango ya nakshi.

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale ya Mji Mkongwe, na miaka yote hii nimekuwa nikishughulika zaidi na mawe na maji. Kila inaposemwa kwamba bustani fulani ya ukumbusho itafufuliwa, huja mtu na picha ya mabenchi, taa na maua. Mabenchi hayana tabu. Kinachoua bustani ya pwani ni maji yanayopita mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Forodhani yenyewe ni ardhi iliyobadilishwa mara nyingi. Jina linatokana na forodha, pale bidhaa zilipokuwa zikishushwa na kutozwa ushuru mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani. Mwanzoni mwa karne ya 20 treni ya Bububu nayo ilikuwa ikianzia upande huohuo. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, sehemu ikabaki wazi, na mwaka 1936 ikatengenezwa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Ikaitwa Bustani ya Jubilei, ikajengewa na jukwaa la bendi. Mwaka 1956 likaongezwa jukwaa jengine kando ya maji kwa ajili ya kumpokea Princess Margaret wa Uingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 bustani ikapewa jina la Jamhuri. Majina ya kumbukumbu yamekuja na kuondoka, ila watu hawakuacha kusema Forodhani.

Ukarabati mkubwa ulifanywa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Kazi ilianza mwaka 2008, na bustani ikafunguliwa tena Julai 2009. Mimi sikuwemo katika kazi ile, lakini naitumia sana kufundishia, kwa sababu ukuta wa bahari na mifereji vilihesabiwa kuwa ni sehemu ya bustani na si mradi wa kando.

Nieleze kwa nini jambo hilo ni kubwa. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja hufika karibu mita 4. Maji yakijaa, huingia katika viungo vya ukuta vilivyofumuka. Yakipwa, hutoka, na hayatoki peke yake: huchukua na mchanga laini uliomo nyuma ya ukuta. Mara mbili kwa siku, mwaka mzima, upepo ukiwa wa kusi au wa kaskazi. Juu mtu haoni kitu. Majani mabichi, sakafu imenyooka, watoto wanakimbia. Chini kumeshakuwa na pango.

Miaka michache nyuma niliitwa kuangalia kiwanja kidogo cha kando ya bahari, mahali ambapo watu walikuwa wakikaa jioni. Walionialika walitaka ushauri kuhusu vigae vya sakafu vilivyopasuka. Nikaomba mtaimbo. Nikaupenyeza baina ya vigae viwili, hatua tatu kutoka ukutani, nikausukuma kwa mkono mmoja tu. Uliingia kama unaoingia kwenye uji, mpaka mkono wangu ukagusa sakafu. Nilipouchomoa, ncha ilikuwa imelowa, na kutoka mle tunduni ilisikika sauti ya maji yakivuta pumzi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akaniambia, "Mwanangu, hapo ndipo wajukuu zangu wanapochezea mpira." Siku ile tulizungushia kamba kabla ya kuzungumza jambo jengine lolote.

Dawa yake si kumwaga zege juu. Zege huficha pango na kulizidishia mzigo. Lazima ufukue nyuma ya ukuta, uzibe viungo, kisha ujaze kwa mpango: mawe makubwa karibu na ukuta, yakifuatiwa na madogo, halafu kokoto, na kitambaa cha kuchuja kati ya kokoto na mchanga. Na ukuta uachiwe matundu ya kutolea maji. Fundi asiyejua huyaona matundu hayo kuwa ni kasoro akayaziba kwa saruji. Maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta huusukuma mpaka ukaanza kutoa tumbo.

Kuhusu chokaa nitasema kidogo, maana nikiachiwa sitanyamaza. Mawe yetu ya matumbawe yana vinyweleo. Ukiyakandika kwa saruji ngumu, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi inaganda ndani ya jiwe, na jiwe linamung'unyuka kama mkate mkavu. Chokaa iliyozimwa vizuri inapumua. Lakini chokaa tupu huhitaji hewa ili ikaze, kwa hiyo sehemu inayolala ndani ya maji haiwezi kushika. Pale inabidi ichanganywe na unga wa matofali ya kuchoma au kitu kingine kinachoifanya ikaze hata majini. Anayekwambia chokaa kila mahali hakusaidii, sawa na yule wa saruji kila mahali.

Sasa watu. Nimekaa vikao ambapo wataalamu wenzangu husema bustani ya historia isafishwe, wauzaji wapelekwe kwengine. Sikubaliani nao hata kidogo. Forodhani bila ya urojo, pweza na miwa inayokamuliwa kwa ndimu na tangawizi ni kiwanja kitupu chenye mizinga ya vita. Kinachohitajika ni kuwachorea wauzaji mahali kwa uzito uleule tunaouchorea ukuta. Moshi uende wapi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi? Maji ya kuoshea sahani yamwagwe wapi? Kama hakuna shimo la maji machafu karibu, ndoo itamwagwa kwenye shina la mti ulio karibu, kila usiku, na mafuta na chumvi yake. Mti hufa polepole na lawama anapewa mwenye ndoo. Mimi namlaumu aliyechora.

Vivyo hivyo kwa makachu, wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukingoni alasiri huku watu wamejipanga kuwatazama. Huwezi kuweka uzio ukasema umemaliza. Wataruka juu ya uzio. Afadhali ukingo pale wanaporukia uwe imara, usiteleze, na kina chake kijulikane maji yakiwa nusu. Kinamama wanaokuja na watoto baada ya magharibi wanataka mwanga wa kutosha njiani na pembe isiyo na macho ya watu wengi. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hugeuka, mchana kimya, na baada ya tarawehe ndipo bustani hujaa. Yote haya hujulikana kwa kukaa pale na daftari wiki baada ya wiki, si kwa ramani.

Jukwaa la bendi huwa linanipa furaha ya pekee. Lilijengwa kwa ajili ya sherehe ya mfalme. Siku ya mwisho niliyopita, watoto watatu wa skuli walikuwa wamelala chali katikati yake, mabegi chini ya vichwa, wakipiga kelele ili wasikie sauti zao zikirudi kutoka kwenye paa.

Ukipita Forodhani au ukuta wowote wa bahari maji yakiwa yanapwa, inama uyatazame matundu yake. Yakitoka maji maangavu, endelea na matembezi yako. Yakitoka yenye rangi ya udongo, piga picha, kumbuka ni hatua ngapi kutoka ngazini, ukamwambie sheha, kiongozi wa mtaa wa mahali hapo, siku hiyohiyo.