Hamu ya kitu kitamu: anzeni na nanasi la Idjwi, si chupa ya sukre

Wazazi wengi wanaofika katika kitengo chetu cha lishe hapa Bukavu huingia wakiwa wamekwisha kujihukumu. Huyu anasema mtoto wake hagusi uji usio na sukari, yule anasema siku haiishi bila sukre (soda) baridi. Tunawatuliza kwanza: kupenda utamu si kosa. Mtoto huzaliwa akiupenda, na hata maziwa ya mama yake ni matamu. La kuangalia ni utamu huo unatoka wapi na unaingia mwilini kwa njia gani.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu sukari tunayoongeza katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda. Sukari hiyo isipite asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2000, hiyo ni gramu 50, yaani vijiko vidogo 12 hivi. Ikishuka hadi nusu yake, afadhali zaidi. Sasa tupige hesabu ya siku ya kawaida. Sukre nyingi zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya sentilita 33 inabeba vijiko vidogo 8 au 9. Ongeza vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vinne. Kiwango cha siku nzima kimekwisha kupita, na mandazi bado hatujayahesabu.

Wengi wakisikia hivyo huuliza: basi na matunda tuache? Hapana, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo katika kipimo hicho. Ndizi mbivu ina gramu 12 hivi za sukari katika gramu 100, nanasi gramu 10 hivi. Lakini sukari hiyo imefungwa ndani ya nyama ya tunda, pamoja na maji na nyuzinyuzi. Unatafuna, tumbo linajaa, na sukari inaingia katika damu polepole. Ukikamua matunda manne au matano katika glasi moja, ukachuja na kutupa makapi, utayamaliza kwa dakika moja na njaa itabaki palepale. Ndiyo maana juisi, hata ile uliyoitengeneza mwenyewe nyumbani bila kuongeza kitu, tunaiweka upande wa sukari. Mutobe, yaani maji yaliyokamuliwa kutoka ndizi mbivu, nao ni hivyo hivyo.

Jambo linaloniuma ni kuona familia inapeleka matunda yake sokoni halafu fedha zilezile zinanunua sukre na bonboni za watoto. Kivu yetu ina matunda ambayo wengine huyatamani. Nanasi la kisiwa cha Idjwi, likivuka ziwa na kufika hapa limeiva vizuri, halihitaji chochote. Mapera nayapendekeza kuliko yote kwa watoto wa shule: yana gramu 5 hivi za nyuzinyuzi katika gramu 100, na vitamini C yake inazidi ile ya chungwa mara kadhaa. Marakuja ni makali, na ndiyo sababu watu huyamiminia sukari nyingi katika juisi. Jaribuni njia nyingine: pasueni marakuja moja, mwagieni nyama yake na mbegu zake juu ya vipande vya papai au ndizi. Utamu wa papai unapunguza ukali wa marakuja, na mbegu zenyewe ni nyuzinyuzi. Watoto hulamba sahani.

Ndizi zilizoanza kuwa na madoa meusi msizitupe wala msizidharau sokoni. Kadiri ndizi inavyoiva, wanga wake unageuka sukari, kwa hiyo hizo ndizo tamu kupita zote. Pondeni mbili ndani ya uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama) badala ya sukari, au zikandeni na unga kidogo wa muhogo, mtengeneze vikate vyembamba na kuvioka kwenye kikaango kikavu juu ya mbabula. Viazi vitamu navyo vikichomwa taratibu kwenye makala ya moto mdogo huwa vitamu kuliko vilivyochemshwa haraka, kwa sababu joto la polepole linaupa wanga muda wa kugeuka sukari. Mkivila na karanga za kukaanga, tumbo linatulia hadi saa ya chakula.

Tunda lolote lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, na mikono kwa sabuni. Kipindupindu tunakijua katika mji huu.

Muwa watoto wanaupenda mno. Lakini anayetafuna muwa anameza maji matamu na kutema nyuzi, kwa hiyo usiuhesabu kama tunda. Kipande kimoja kimoja, kisha asukutue kinywa kwa maji, maana vijidudu vya mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi inayotoboa meno.

Kwa chai, msikate sukari yote siku moja. Punguzeni nusu kijiko, kaeni nayo wiki moja au mbili, mpunguze tena. Ulimi unazoea. Mchaichai, tangawizi au mdalasini vinasaidia sana katika kipindi hicho. Kwa wageni, chemsheni maganda ya nanasi yaliyosuguliwa na kuoshwa vizuri, pamoja na tangawizi, kwa dakika 20. Chujeni na mwache yapoe. Kinywaji hicho kina harufu nzuri na utamu mdogo tu, na hakuna mgeni atakayejiona amedharauliwa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari wala sukre hata kidogo. Asali pia asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu inayolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Vile vidonge vya kutia utamu vinavyouzwa katika famasia, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito.

Wenye ugonjwa wa sukari wanaweza kula matunda, lakini kwa kiasi: ndizi moja ndogo au vipande viwili vya nanasi kwa wakati mmoja, wakielewana na daktari wao. Na kuna saa ambayo ushauri wote huu unawekwa kando. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka. Mpeni mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu chupa ya sukre, kisha mpeni tena kiasi hicho hicho baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu. Akishindwa kumeza, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mumpeleke hospitali bila kuchelewa.