Asilimia ya Lignini Haitoshi Kutengeneza Gundi: Maelezo kwa Wanaoleta Sampuli

Malalamiko yamezidi dirishani kwetu. Mteja analeta unga wa mbao, analipia "kipimo cha lignini" (kemikali ya mti inayogandisha nyuzi zake, naye anataka kuitengenezea gundi), anapewa asilimia, kisha gundi yake ya plaiwudi haishiki na maabara ndiyo inayolaumiwa. Asilimia ilikuwa sahihi. Alichouliza ndicho hakikuwa chenyewe.

Katika kipimo hicho, asidi ya salfuriki ya 72% huvunja sukari za mti, nasi tunapima uzito wa kinachobaki. Basi. Lignini hiyo imebeba vikundi tendaji gani (sehemu za molekuli zinazoshikana na kemikali nyingine), kipimo hakisemi. Gundi ya fenoli na fomaldehidi inahitaji haidroksili (kikundi cha oksijeni na haidrojeni, OH) za fenoli, yaani zilizoshikwa kwenye pete ya kaboni, zenye nafasi wazi ubavuni mwake. Msindano unazo. Kwa mkaratusi, pete nyingi zimezibwa pande zote mbili na methoksili (kikundi cha OCH3), fomaldehidi haina pa kushika. Ndiyo maana methoksili katika lignini ya misindano ni kama 15%, na ya miti ya majani mapana hufika kama 20%. Methoksili hupimwa kwa njia ya Zeisel ya mwaka 1885: unachemsha na asidi ya haidroayodiki, unanasa methili ayodidi inayotoka, unapiga hesabu.

Haidroksili tunazipima kwa NMR ya fosforasi-31, mashine ya sumaku inayosoma mawimbi ya atomi za fosforasi. Kitendanishi chenye fosforasi hunasa kila haidroksili, na kila aina hujitokeza mahali pake kwenye chati: za fenoli kati ya 137 na 144 ppm (kipimo cha mahali kwenye chati), zisizo za fenoli 145 hadi 150, za kaboksili (kikundi cha asidi) karibu na 135. Maji nayo yana haidroksili. Ukiona mnara mrefu kwenye 132, hayo ni maji yako yaliyokula kitendanishi chetu, na si cha bei rahisi.

Utaratibu, kwa mara nyingine. Kipimo hiki cha NMR ni cha lignini iliyokwisha kutenganishwa, si cha unga wa mbao. Fomu itaje aina ya mti na njia ya kutenganisha. Mbao iwe imemenywa gome kabla, maana tanini za gome nazo ni fenoli. Kuanika juani si kukausha: lignini hukaushwa kwenye oveni ya ombwe (isiyo na hewa), nyuzi 40. Inayopelekwa nyuzi 105 ni sehemu ndogo ya kupimia unyevu tu, nayo haitumiki tena. Sampuli yenye unyevu hurudishwa, na ada ya maandalizi hairudishwi.

Wiki iliyopita tulipokea moja ndani ya chupa ya soda, matone yakining'inia chini ya kifuniko.