Siku ya Uhuru, Tanganyika Haikuwa na Rais

Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari Rais wa Tanganyika alikuwa nani tarehe 9 Desemba 1961, mara nyingi atakujibu: Mwalimu Nyerere. Si kweli. Siku ile Tanganyika haikuwa na Rais. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na aliyemwakilisha Dar es Salaam alikuwa Sir Richard Turnbull, aliyelala akiwa Gavana akaamka akiwa Gavana Mkuu. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Kosa hili lina chanzo chake: tumezoea kuusimulia uhuru kama usiku mmoja, bendera moja ikashuka na nyingine ikapanda. Kisheria uhuru ulikuja ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ilihamisha madaraka fulani na kuyabakiza mengine kwa Mwingereza.

Tuanze na hadhi ya nchi. Tanganyika haikuwa koloni kwa maana kamili ya neno hilo katika sheria. Mjerumani aliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilikabidhiwa kuisimamia nchi kwa niaba ya Ligi ya Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mdhamini hudaiwa hesabu. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja kukagua kila baada ya miaka michache, na mwananchi aliruhusiwa kupeleka malalamiko yake New York bila kupitia kwa Gavana. Ujumbe wa 1954, mwaka ule ule chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai, ulitaja muda wa miaka 20 hadi 25 kuwa unatosha nchi kufikia kujitawala. Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kudai hilo, kisha akaacha kazi ya ualimu Pugu. Watumishi wa serikali, ambao ndio waliokuwa wasomi wengi wa nchi, walikuwa wamepigwa marufuku tangu 1953 kujiunga na vyama vya siasa. Ndiyo maana chama kilibebwa na wafanyabiashara wadogo, wakulima, madereva na wanawake wa Dar es Salaam waliohamasishwa na Bibi Titi Mohamed.

Ngazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ni uchaguzi wa kura tatu. Gavana Edward Twining alishikilia kwamba viti vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria vigawanywe sawa kati ya Waafrika, Wazungu na Waasia, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8 ambamo Wazungu hawakuzidi 25,000. Majimbo yakawa 10, kila moja na viti 3. Mpiga kura hakuruhusiwa kumchagua Mwafrika wake akaenda zake. Ilimlazimu ampigie Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake haihesabiki. Na kabla hata ya kufika hapo ilibidi awe na umri wa miaka 21, na mojawapo ya mambo haya: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, elimu ya miaka minane, au cheo kama uchifu. Mkulima wa pamba wa Usukuma aliyelipa kodi kila mwaka lakini hakukaa darasani miaka minane, wala hakufikisha shilingi hizo, alibaki nje.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, na wajumbe wengi walifika wakiwa na nia ya kususia. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa sababu kushiriki kulionekana kama kuukubali ubaguzi wenyewe. Lakini ukisusia, viti vinakwenda kwa UTP (United Tanganyika Party), chama kilichoundwa 1956 kwa baraka za Serikali, na Baraza hilo hilo ndilo lingekaa kujadili hatua inayofuata. Tena sharti la kura tatu lilikuwa na ufa ambao waliolitunga hawakuuona. Kama kila mpiga kura analazimika kumchagua Mzungu, basi mwenye kura za Waafrika ndiye atakayeamua Mzungu gani apite. TANU iliutumia ufa huo kikamilifu. Iliwaunga mkono wagombea wa Kizungu na wa Kiasia kama Derek Bryceson, Lady Marion Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Uchaguzi ulipofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, UTP haikuambulia kitu. Uamuzi ule wa Tabora ndio unaoitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Ulikuwa na gharama pia: Zuberi Mtemvu aliondoka akaunda chama chake, African National Congress.

Turnbull, aliyempokea Twining mwaka ule ule, alitangaza Oktoba 1958 kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza na katika Serikali. Julai 1959 wajumbe watano wa kuchaguliwa wakapewa uwaziri. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha, na kipato kikashushwa hadi pauni 75. Walioandikishwa wakafika takriban 885,000. Viti vilikuwa 71, TANU ikachukua 70, na kati ya hivyo 58 havikuwa na mpinzani. Takwimu hiyo ya mwisho husomwa kwa fahari, na fahari inastahili, lakini isomwe pia kwa uangalifu. Kupita bila kupingwa katika viti 58 maana yake upigaji kura ulifanyika kwa viti 13 tu. Mamia ya maelfu waliojiandikisha hawakuwahi kuishika karatasi ya kura. Bunge lililoipokea nchi halikuwa na upinzani tangu siku yake ya kwanza, miaka mitano kabla chama kimoja hakijawa sheria.

Baada ya uchaguzi huo Nyerere akawa Waziri Kiongozi, lakini Gavana ndiye aliyeendelea kukalia kiti cha mwenyekiti katika baraza la mawaziri. Tarehe 1 Mei 1961 ilipoanza serikali ya ndani, Nyerere akawa Waziri Mkuu na kiti hicho kikawa chake. Gavana alibaki na ulinzi na mambo ya nje. Haya yalikuwa yamekubaliwa Machi katika Ukumbi wa Karimjee, kwenye mkutano uliomalizika kwa siku chache. Linganisha na Kenya, iliyohitaji mikutano mitatu Lancaster House, London, 1960, 1962 na 1963, kwa sababu vyama vilivutana juu ya serikali za majimbo na walowezi walidai ulinzi wa ardhi. Ngazi zenyewe ni zile zile: Kenya ilipata Madaraka, yaani serikali ya ndani, 1 Juni 1963, uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964.

Ili uhuru uwe halali zilihitajika hati tatu. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uhuru wa Tanganyika. Katiba ilitolewa kwa amri ya Malkia. Haikutungwa na wananchi wala wawakilishi wao. Na kwa kuwa nchi ilikuwa ya udhamini, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipiga kura ya kuukomesha mkataba wa udhamini. Tarehe iliyopangwa mwanzo ilikuwa 28 Desemba. Ikarudishwa nyuma hadi tarehe 9.

Swali zito la miezi ile lilikuwa: raia ni nani? Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere alikataa kata kata, akaweka Serikali yake rehani kwa msimamo huo. Kanuni iliyopita ilikuwa hivi: aliyezaliwa Tanganyika, ambaye mzazi wake mmoja angalau naye alizaliwa Tanganyika, alikuwa raia moja kwa moja. Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wote wawili wamezaliwa nje alipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Familia nyingi za Kiasia ziliangukia kundi hili la pili, na aliyechelewa kuomba alijikuta mgeni katika mji aliozaliwa.

Wiki sita baada ya uhuru, tarehe 22 Januari 1962, Nyerere alijiuzulu ili akakijenge chama, na Rashidi Kawawa akawa Waziri Mkuu. Mwaka huo Bunge lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba na kutunga katiba ya jamhuri. Tarehe 1 Novemba 1962 Nyerere alipata zaidi ya kura milioni 1.1, na Mtemvu karibu 21,000. Tarehe 9 Desemba 1962 Malkia aliacha kuwa mkuu wa nchi. Hapo ndipo Rais wa kwanza alipoapa.

Bado yalibaki mengi. Siku ya uhuru Waafrika walishika karibu robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini. Jeshi lilibadilishwa jina kutoka King's African Rifles kuwa Tanganyika Rifles, lakini maofisa wengi waliendelea kuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Serikali iliyokuwa huru kwa zaidi ya miaka miwili ililazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza wawanyang'anye silaha. Jeshi lile likavunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa 1 Septemba 1964. Shilingi ya Afrika Mashariki iliendelea kutumika hadi 1966, Benki Kuu ilipoanzishwa.

Sheria ndizo zilizobadilika polepole kuliko vyote. Katiba ya uhuru ilisema zilizokuwepo zitaendelea hadi zifutwe au zirekebishwe, na isingewezekana vinginevyo, maana nchi haiwezi kuamka asubuhi bila sheria ya mikataba wala ya makosa ya jinai. Ndiyo maana wakili anayetaka kutumia kanuni ya sheria ya Uingereza katika mahakama za Tanzania Bara, hadi leo, huanza kwa kuonyesha kwamba kanuni hiyo ilikuwepo tarehe 22 Julai 1920, siku sheria ya Uingereza ilipopokelewa rasmi Tanganyika.